Glavu za Mama Mdogo

Asubuhi ile Kibiriti alifagia kwa hasira. Ufagio uligonga miguu ya cherehani, kapu la vitambaa likasukumwa kwa teke, na vumbi ambalo siku nyingine lingetolewa nje kwa upole lilirushwa mpaka paka wa jirani akakimbia. Kila siku kabla ya kwenda shule kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kufagia vipande vya nguo, kuokota pini zilizoanguka, na kufungua dirisha la mbele ili wateja wajue kwamba fundi ameamka.

Fundi mwenyewe alikuwa ameamka zamani. Alikaa kwenye kiti chake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akitia uzi kwenye sindano.

"Hujaniamkia," alisema.

"Shikamoo," Kibiriti alijibu, uso wake ukitazama ukutani.

"Marahaba. Sasa hapo umemwamkia nani, mimi au ukuta?"

Siku nyingine Kibiriti angecheka. Siku hiyo alibeba mkoba wake wa shule, akatoka, na mlango ukafungwa kwa kishindo nyuma yake.

Fundi huyo alikuwa mama yake mdogo. Mama mzazi alikuwa muuguzi katika mji mwingine na alikuja nyumbani mara moja moja, kwa hiyo tangu akiwa mdogo Kibiriti alilelewa katika nyumba hiyo yenye kelele za cherehani. Jina la Kibiriti alipewa na Mama mdogo mwenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa mfupi, mwembamba, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Naye Mama mdogo alikuwa na jina lake la uwanjani. Walimwita Gundi, maana mpira ukishaingia mikononi mwake haubanduki. Alikuwa mlinda wiketi wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na kudaka kila kinachompita mpigaji.

Timu hiyo ilipoanza, jina lake lilikuwa kubwa kuliko timu yenyewe. Walivaa suruali kuukuu za wanaume, ambazo Mama mdogo alizipunguza kiuno kwa cherehani yake mpaka usiku. Walifunga vikinga vya miguu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Katika mechi yao ya kwanza dhidi ya nchi nyingine walichapwa vibaya mno, hata mtangazaji wa redio alicheka alipokuwa akisoma matokeo. Alicheka hewani, bila aibu, na Kibiriti, aliyekuwa bado mdogo sana, aliirushia redio kandambili.

Lakini hawakuacha. Walifanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda makazini, maana mmoja alikuwa polisi, mwingine mwalimu, mwingine muuza mboga. Wakaanza kufungwa kwa tofauti ndogo. Kisha wakashinda mara moja, watu wakasema wamebahatisha. Wakashinda tena ugenini, na watu wakanyamaza. Mwaka huu mashindano yaliletwa hapa hapa nyumbani, na mtaa mzima uliokuwa ukiwaita "wale wanawake wa marungu" ukaanza kuwaita "timu yetu."

Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha Kibiriti.

Ilikuwa mechi ya mwisho. Anayeshinda angekwenda kwenye mashindano makubwa zaidi, ambako hakuna mwanamke wa nchi hii aliyewahi kucheza. Ilibaki kumtoa mpigaji mmoja tu wa wageni. Mpira ukarushwa, ukagusa ukingo wa gongo la mpigaji, ukashuka chini karibu na nyasi. Mama mdogo alijirusha kifudifudi na kuinuka akiwa nao mkononi. Uwanja ulilipuka! Watu walikumbatiana na wasiowajua. Mwamuzi aliinua kidole kuonyesha kwamba mpigaji ametoka, na yule mpigaji akabana gongo lake kwapani akaanza kuondoka.

Ndipo Mama mdogo alipoinua mkono.

"Umegusa chini," alimwambia mwamuzi. "Uligusa nyasi kabla sijaudaka."

Hakuna aliyekuwa ameona. Wala mwamuzi, wala watazamaji, wala wenzake waliokuwa karibu. Mpira uliogusa chini haumtoi mtu, basi mpigaji akarudishwa. Muda mfupi baadaye mpigaji huyo huyo alipiga mpira ukavuka kamba ya mpaka wa uwanja, na mechi ikaisha. Wageni walishinda.

Kibiriti alihisi kama ameibiwa mchana kweupe. Alikuwa amepewa kazi ya kumshikia Mama mdogo begi lake, kwa hiyo alisimama nalo mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Pale pale alimwona mlinda wiketi wa wageni akimkimbilia Mama mdogo. Yule dada hakujua lugha yao vizuri. Alivua glavu zake, mpya, nyeupe, bado zina harufu ya duka, akamwekea Mama mdogo mikononi. Kisha akaonyesha kwa kidole zile kuukuu za Mama mdogo, zenye kiraka kiganjani kilichokatwa kutoka kwenye mkoba wa ngozi uliochanika. Mama mdogo akampa. Wakakumbatiana, wakacheka.

Wanacheka! Kibiriti alitamani kulitupa lile begi matopeni.

Basi tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na baridi, na shuleni kulikuwa na moto. Mtangazaji mkuu wa darasa lao alikuwa msichana mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa jambo likiingia sikioni mwake limekwisha kutangazwa. Baba yake alikuwa kinyozi mwenye kibanda karibu na ofisi za chama cha kriketi, na Redio alipata habari zake nyingi hapo. Asubuhi ile Kibiriti alipoingia darasani, Redio alikuwa juu ya dawati.

"Amekuja! Kibiriti, hebu tueleze. Nani anadaka mpira halafu anaurudisha? Huyo Gundi wenu ni gundi gani?"

Darasa likaangua kicheko.

"Mwacheni," mmoja alisema.

"Siachi! Baba yangu alifunga kibanda siku nzima ili tukaone mechi. Mama yake mdogo ametuuza!"

Siku nyingine Kibiriti angerusha ngumi. Lakini safari hii, na hili ndilo lililokuwa baya, alikubaliana na Redio. Alikuwa amechoka kuchekwa kwa kosa lisilo lake. Hasira ilimpanda mpaka kooni ikatoka yenyewe.

"Mnamwuliza nani? Mimi? Mnajua amepata wapi glavu mpya?"

Kicheko kikakatika. Redio alishuka kwenye dawati polepole.

"Wapi?"

"Amepewa na wale wageni. Baada ya mechi. Nimeona kwa macho yangu."

"Toba!" Redio alisema.

Kila neno hapo lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu, naye Kibiriti alijua. Alijua kabla hajafunga mdomo. Kwa dakika chache alijisikia vizuri, kwa sababu hakuna aliyemcheka tena. Kisha mwalimu akaingia, somo likaanza, na raha ile ikaisha.

Angeweza kusema wakati wa mapumziko: "Jamani, walibadilishana tu." Hakusema. Jioni yake Redio alimsimulia baba yake, baba akawasimulia wateja, na katibu wa chama cha kriketi alinyolewa pale pale. Maneno yalipotoka kibandani yalikuwa yamenenepa. Sasa ilisemwa kwamba ndani ya glavu mlikuwa na bahasha ya pesa.

Wiki haikuisha. Jioni moja Kibiriti alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kushonea akifumua mshono wa gauni la mteja, aliposikia hodi. Waliingia watu wawili: kocha wa timu, mama mnene mwenye sauti ya filimbi, na katibu wa chama, mwanamume anayevaa tai hata jua likiwa kali namna gani.

"Karibuni," alisema Mama mdogo. "Kaeni. Samahani kwa vipande vya nguo."

"Hatukai sana," katibu alijibu. "Tumepata habari nzuri na mbaya. Nzuri ni kwamba timu moja imejitoa kwenye mashindano makubwa, na sisi tumepewa nafasi yake. Tunakwenda."

Mama mdogo alipiga kofi moja la furaha. Nyuma ya pazia Kibiriti alijikuta amesimama. Wanakwenda! Hasira yote ya siku zile ilisahaulika ghafla.

"Mbaya," katibu aliendelea, "ni kwamba wewe huendi. Jumamosi tunasoma majina ya timu uwanjani, na lako tumeliweka pembeni. Kuna maneno kwamba ulichukua kitu kwa wageni. Ulimrudisha mpigaji wao, halafu ukaonekana na glavu mpya."

Mama mdogo hakupandisha sauti, lakini maneno yalimtoka moja moja.

"Tulibadilishana glavu. Nilimpa zangu, akanipa zake. Wachezaji hufanya hivyo kila siku."

"Nani aliona?"

"Mtoto wangu alikuwepo, ameshika begi langu. Mwulizeni."

Katibu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa akilingoja jibu hilo.

"Dada, maneno yenyewe yametoka kwa huyo mtoto wako."

Kocha alitazama sakafu. Mama mdogo aligeuka taratibu na kulitazama pazia. Kibiriti aliuona uso ule kupitia upenyo. Alitakiwa kutoka pale pale na kusema. Hakutoka. Alisimama kama amegandishwa mpaka wale wawili wakaaga, hatua zao zikapotea barabarani.

"Njoo hapa," alisema Mama mdogo.

Kibiriti alitoka.

"Ulisema nini?"

"Nilisema... nilisema wamekupa glavu. Si kweli walikupa? Sikusema uongo."

"Na zangu je? Zangu nilizompa mimi ziko wapi katika hadithi yako?"

Kibiriti aliinama kuokota kipande cha kitambaa.

"Nakuuliza!" Mama mdogo aligonga meza, bakuli la pini likaruka. Kibiriti hakuwahi kumwona hivyo. "Mteja akileta kitambaa cha gauni, nikamkatia nusu, nusu nikaificha, nitamwambia nini? Kwamba sikumwibia, si nimempa kitambaa? Umekata nusu ukaficha nusu! Ungekuja unitukane hapa ndani, ningekuelewa. Ungenuna mwaka mzima, ningevumilia. Nilijua una hasira. Hata mimi nina hasira! Unadhani sikutaka kwenda? Nimeshona suruali za wanaume, nimechekwa redioni, nimedaka mipira kwa kiraka cha mkoba mpaka vidole vimepinda. Tazama!" Alinyoosha mkono wake, na kweli kidole kidogo hakikunyooka. "Na leo nimetolewa kwenye timu kwa mdomo wako. Si wa mtu baki. Wako!"

"Kwa nini ulisema umegusa?" Kibiriti naye alilipuka, machozi yakimtoka. "Hakuna aliyeona! Tungeshinda! Nisingechekwa, wala nisingesema lolote!"

"Mikono yangu iliona," alisema Mama mdogo. "Na mikono hii nalala nayo, naamka nayo. Nenda kaoge, ule, ulale. Sina neno jingine nawe."

Na kweli hakuwa na neno jingine. Siku zilizofuata aliweka chakula mezani, akapiga pasi sare ya shule, lakini hakusema kitu. Kibiriti aligundua kwamba kununiwa na mtu anayekupenda ni kuchungu kuliko kuchekwa na darasa zima. Aliwakasirikia wote: katibu na tai yake, Redio na mdomo wake, kinyozi na wateja wake. Lakini kila akiwahesabu alirudi kwa yule yule wa kwanza, msichana mfupi mwembamba aliyesema "nimeona kwa macho yangu."

Jumamosi asubuhi alifagia kimya kimya, akatoka bila kuaga, akaenda uwanjani mbio.

Wachezaji walikuwa wamekaa kwenye nyasi, isipokuwa Mama mdogo. Watu wa mtaani walisimama kando, Redio na baba yake wakiwa mbele kabisa, maana habari haziwezi kuwapita hao. Katibu alikohoa, akaanza kusoma majina. Kila jina lilipigiwa makofi. Alipofika kwa mlinda wiketi akasoma jina la msichana mgeni kabisa katika timu, ambaye hakufurahi hata kidogo, akainamisha kichwa.

Kibiriti aliinua mkono.

Katibu hakumjali. Akaendelea. Kibiriti aliuacha mkono juu, akasogea mbele mpaka akasimama katikati ya wachezaji, na mkono bado uko juu.

"Mtoto, subiri tumalize," alisema katibu.

"Siwezi kusubiri. Nina jambo la glavu."

Watu wakasogea karibu wasikie.

"Mimi ndiye niliyesema Mama mdogo amepewa glavu na wageni. Nilisema nusu. Nilikuwa pale mlangoni. Yule dada alimpa zake, na Mama mdogo akampa zake kuukuu, zenye kiraka. Walibadilishana. Hakuna bahasha, hakuna chochote. Nusu nyingine niliificha kwa sababu nilikuwa na hasira tumefungwa."

Minong'ono ikaanza. Katibu alitabasamu.

"Umefundishwa vizuri. Nani amekutuma? Mama yako mdogo?"

Kibiriti akawaka, na safari hii ulikuwa moto wa haki.

"Hajanituma! Hajui kama niko hapa! Hata hasemi nami! Nilipodanganya mliniamini bila kuniuliza swali hata moja, sasa nasema kweli ndipo mnauliza nani amenituma? Mpigieni simu yule dada! Mwulizeni glavu zenye kiraka cha mkoba zilifikaje kwake!"

"Mtoto ana adabu kweli huyu?" katibu alisema.

"Adabu tutaitafuta baadaye," kocha alijibu, simu yake ikiwa tayari sikioni. Alizungumza na kocha wa wageni. Wakangoja. Mtu alikohoa. Kisha simu ikalia kwa ujumbe, na kocha akaigeuza ili wote waone. Ilikuwa picha ya yule dada akicheka, glavu kuukuu zimening'inizwa ukutani juu ya kitanda chake, kiraka cha ngozi kikionekana wazi kabisa. Chini yake kocha wao aliandika kwamba kila mchezaji wao anaonyeshwa glavu zile na kuambiwa habari za mwanamke aliyeinua mkono.

Kocha aliirudisha simu mfukoni.

"Katibu, nami nina swali. Hawa wanawake wanacheza kwa jina la nchi. Kwa nini mlinda wiketi wa taifa alikuwa anadaka kwa kiraka cha mkoba? Mbona hilo halikuitiwa kikao? Tuliomba glavu tangu mwaka juzi! Glavu zikitoka kwa wageni mnashtuka, na zisipotoka kwenu hamshtuki?"

Wachezaji wote walisimama. Yule msichana aliyewekwa badala yake alikuwa wa kwanza kusema, "Rudisheni jina lake." Wengine wakalipokea. Watazamaji wakalipokea, hata kinyozi, ingawa alikuwa akitafuta pa kuficha uso. Katibu alilegeza tai, akaandika, akasoma upya. Jina likarudi.

Kocha alimshika Kibiriti bega.

"Umefanya vizuri leo," alimwambia, "lakini usidhani umemaliza. Uliyasema maneno yako darasani, yakaenda kibandani. Utayafuata huko huko."

Akayafuata. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasema, na Redio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na la kuongeza. Jioni akasimama kwenye kibanda cha kinyozi, wateja wakiwa na povu mashavuni, akasema tena. Aibu ilimchoma hadi nyayoni. Kinyozi alizima mashine yake, akasema taratibu, "Na sisi wakubwa tuliyapokea bila kuuliza. Tunatakiwa kuona aibu kuliko wewe."

Aliporudi nyumbani Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani, akishona jezi mpya za timu, za wanawake, zilizokatwa kwa vipimo vya wanawake.

"Nimesikia ulikopita," alisema bila kuinua kichwa.

"Nisamehe, Mama mdogo."

"Nimekusamehe. Hasira bado ninayo, itaisha yenyewe." Alisimamisha cherehani. "Kukasirika si dhambi, mwanangu. Tusingekuwa na hasira tusingekuwa na timu, tungekubali kuchekwa tukakaa nyumbani. Lakini hasira ikikupanda, hapo ndipo ujichunge zaidi ulimi, kwa sababu itakuomba useme nusu. Wewe sema jambo zima, hata kama linakuumiza mwenyewe. Mimi liliniuma ile siku, bado linaniuma. Ila nikiinua gongo au glavu mbele ya mtu yeyote duniani, sina cha kuficha."

Kibiriti alifuta macho kwa kiganja, akachukua kapu la vitambaa, akaanza kuokota pini.

Asubuhi iliyofuata alifagia kama zamani, akafungua dirisha la mbele, mwanga ukaingia ukaanguka kwenye meza, zilipokuwa zile glavu nyeupe. Aligeuka akamtazama Mama mdogo usoni.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba," alijibu Mama mdogo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. "Leo umeniamkia mimi."